Mbuzi Niliyemtia Kitabuni

Aliyemtukana kwanza ni mama, si mimi. Nasema mapema kwa sababu baadaye lawama zote zitakuwa zangu.

Ilikuwa Jumamosi, sokoni Walthamstow, kwenye ule mtaa mrefu ambao unaingia kununua nyanya unatoka na pazia. Mama alikuwa anaongea na shangazi kwa simu huku anachagua samaki. Mbele yetu kulikuwa na mzee wa Kizungu, mrefu, amevaa koti la mvua siku isiyo na mvua, ameinamia samaki kwenye barafu mpaka pua inakaribia kuwagusa. Mama akamwambia shangazi, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayejua haeleweki, "Subiri, kuna zee hapa limeniziba. Sijui linangoja samaki walisalimie."

Mzee akasogea pembeni. "Pita, mama," akasema. "Lakini huyo mwekundu usimchukue, ana siku nne."

Alisema hivyo kwa Kiswahili cha Tanga, kile kile cha bibi yangu, chenye kuvuta mwisho wa neno kama mtu anayefunga mlango taratibu. Mama akakata simu bila kuaga. Tangu tuje London nikiwa na miaka tisa sijawahi kumwona akikata simu ya shangazi bila kuaga. Huwa inachukua dakika kumi na kutaja marehemu watatu.

"Shikamoo," akasema. Hilo tu ndilo lililobaki kichwani mwake.

"Marahaba. Na zee limesamehe."

Mimi nilicheka mpaka muuza samaki akaniuliza kama naumwa.

Hivyo ndivyo tulivyompata Mwalimu, na kabla sijaendelea inabidi nimweleze, maana yeye mwenyewe asingekubali niruke. Alizaliwa kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Baba yake alikuwa Mgiriki, mwenye shamba. Mezani walisema Kigiriki, jikoni Kiswahili, na Kiingereza kilikuja cha tatu, shuleni, pamoja na viboko. Mashamba yalipotaifishwa familia "ikarudi" Ugiriki, nchi ambayo yeye hakuwa amewahi kuikanyaga. Akasoma historia Athens, akaja London kwa masomo ya mwaka mmoja, na mwaka huo haujaisha mpaka leo.

Alifundisha historia sekondari zaidi ya miaka thelathini. Jumamosi alifundisha Kigiriki kwenye ukumbi wa kanisa, watoto ambao wazazi wao walitoka Saiprasi na ambao walimwelewa vizuri sana na kumjibu kwa Kiingereza. (Aliposema hivyo mama alinitazama mimi.) Jioni alitafsiri chochote alicholetewa: wosia, vyeti vya ndoa, karatasi za dawa, maneno ya kuchonga kwenye makaburi. Hospitali zilikuwa zikimwita asimame kati ya daktari na vikongwe wa Kigiriki.

"Nimewaambia watu wengi kwamba wanakufa," aliniambia siku moja huku anakoroga kahawa kwenye kile kikopo chake cha shaba chenye mkono mrefu. "Hakuna hata mmoja aliyemkasirikia daktari. Walinikasirikia mimi."

Aliandika pia vitabu viwili vya historia. Kimoja kilinunuliwa na ndugu zake, cha pili na maadui zake, na alisema maadui ndio waliosoma mpaka mwisho.

Sasa alikuwa na kazi moja iliyobaki. Baba yake alikuwa ameacha madaftari kumi na moja, ya kila siku ya shamba, yote kwa Kigiriki, kwa mwandiko unaofanana na siafu waliomwagiwa maji. Mwalimu alikuwa anayatafsiri kwa Kiswahili. Mimi nikamuuliza kwa nini asitafsiri kwa Kiingereza kama watu wenye akili.

"Waingereza wana madaftari ya kutosha," akasema. "Humu wametajwa waliokata mkonge, kwa majina yao na ya baba zao. Wajukuu wao wako Korogwe, wako Muheza, wanasoma Kiswahili. Hakuna mahali pengine babu zao walipoandikwa."

Mchapishaji mmoja mdogo wa Dar es Salaam alikuwa amekubali kukitoa kitabu mwaka huu, mradi kazi imfikie kabla ya mwisho wa Mei. Shida ilikuwa macho. Kila mwezi Mwalimu alikwenda kuchomwa sindano kwenye jicho, ndiyo, kwenye jicho lenyewe, na daktari hakumwahidi kitu. Daftari la karatasi aliweza kulisoma kwa lenzi kubwa, taratibu, kwa sababu mwandiko wa baba yake aliujua tangu utotoni. Kompyuta ilimshinda kabisa. Mwanga wake ulimtoa machozi.

"Nataka kitoke nikiwa bado naweza kukisoma mwenyewe," akamwambia mama. "Sitaki kusomewa. Nikisome."

Mama, ambaye ni nesi na hajui kukaa mbali na mgonjwa wa mtu, akanitoa mimi. Nilikuwa na mitihani mwakani, Kiswahili changu kilikuwa kinaota kutu, na nyumbani nilikuwa nawasumbua. Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi baada ya shule, na Jumamosi asubuhi, nilikwenda kwa Mwalimu kuchapa. Malipo yangu yalikuwa masomo ya historia, yaani kazi nyingine juu ya kazi.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Anasoma Kigiriki kimoyomoyo kwa lenzi, anasema kwa Kiswahili, mimi nachapa, halafu namsomea nilichochapa. Nikipiga mwayo, anairudia sentensi upya. Hakutaka msikilizaji mtulivu. Alisema mtu mtulivu atasikiliza hata upuuzi kwa heshima, lakini mimi, akasema, nilikuwa kama kile kidude cha jikoni kinacholia moshi ukitokea.

Kweli siwezi kukaa. Mama husema kiti changu kina upupu. Pale kwa Mwalimu nilichapa nimesimama, nilichapa nimepiga goti, nilichapa kompyuta ikiwa juu ya friji. Nilizunguka meza mpaka zulia likaweka njia. Madaftari yenyewe yalikuwa mvua, mkonge, lori, mvua. Mashine ya kuchana mkonge, ambayo wafanyakazi waliiita korona miaka mingi kabla jina hilo halijatufungia shule, imeharibika. Mashine imetengenezwa. Mvua. Fulani bin fulani amekata mizigo kadhaa. Mvua tena. Nilitamani yule baba angalau akanyage nyoka.

Basi Alhamisi moja ya Machi, baada ya siku tatu mfululizo za mvua kwenye daftari la sita na siku tano mfululizo za mvua dirishani, Mwalimu akaenda jikoni kuangalia kahawa, na mimi nikachapa: *Mbuzi wa mnyapara ameingia ofisini na kula kofia yangu. Mbuzi nimemsimamisha kazi siku mbili. Mnyapara anaomba nimsamehe kwa kuwa ni kosa la kwanza.*

Nilikusudia kumsomea aliporudi. Ningesoma kwa sauti ile ile ya mvua na mkonge, ningemwona anavyoshtuka, tungecheka, ningefuta. Lakini alirudi na kahawa na habari kwamba ameniandikia barua ya kunipendekeza kwa kozi ya kiangazi, akaanza kunieleza, na nilipotazama saa basi langu lilikuwa linakuja. Nikafunga kompyuta nikakimbia. Mbuzi akabaki ndani.

Nilimsahau, wallahi. Mwezi wa nne tulituma madaftari saba ya kwanza Dar, mchapishaji aanze kuyapitia. Mimi ndiye niliyebonyeza.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, na kwa kuwa barua pepe zake nilimsomea mimi, nilisoma kwa sauti: wamefurahi, Kiswahili ni kizuri, wanasubiri yaliyobaki. Halafu nikafika aya ya tatu. Mhariri aliandika kwamba ofisi nzima imecheka kwa yule mbuzi, kwamba mbuzi huyo amemfanya mwenye shamba awe mtu wa kupendeka, na kwamba wangependa kumweka nyuma ya jalada.

Nikanyamaza.

"Na nini tena?" Mwalimu akauliza.

"Na salamu."

"Wameandika salamu tu hapo kwenye kimya chote hicho?"

"Ni salamu ndefu."

Kuanzia siku hiyo hata mimi nilijichosha. Shuleni nilitolewa darasani mara mbili kwa kutikisa meza. Nilikuwa napanda basi la ghorofa, nahamia kiti cha mbele, nahamia cha nyuma, nateremka vituo viwili kabla, natembea. Nilijiambia ni mbuzi tu. Nikajiambia nitaingia kimya kimya nimfute, lakini Dar tayari walikuwa naye, walimpenda, walitaka kumpa jalada. Kumfuta kungehitaji kueleza, na kueleza kungepitia kwa Mwalimu, na mwisho wa Mei ulikuwa wiki tano mbele. Kama angejua, angesimamisha kila kitu. Nilimjua vya kutosha kujua hilo.

Nikamwambia mama, akiwa anavua viatu vya kazini.

"Umefanya nini?"

"Nimemtia mbuzi."

"Wapi?"

"Kwenye kitabu cha Mwalimu."

Mama akabaki na kiatu kimoja mkononi. Niliona mdomo wake unataka kucheka na macho yake yanaukataza. "Mtu mzima yule anachomwa sindano za jicho ili amalize hiyo kazi," akasema, "wewe unamchezea michezo ya kuku. Kesho utakwenda kumwambia. Na usianze na mbuzi. Utaanza na shikamoo."

Nilianza na shikamoo. Alikuwa amekaa mezani, lenzi juu ya daftari la tisa, na nikasema yote nikiwa nimesimama mlangoni na begi mgongoni, tayari kufukuzwa. Hakunifukuza. Akasema, "Nisomee."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye lile kosa la kwanza, akacheka, kicheko cha kweli, mabega yakaruka. Kisha kikakatika katikati kama redio iliyochomolewa waya.

"Ni mzuri," akasema. "Hapo ndipo ubaya ulipo. Ungeandika ujinga, mhariri angeuona. Umeandika vizuri, ukampa baba yangu utani. Baba yangu hakuwa na utani. Mtu wa Korogwe atasoma hapa aseme, kumbe yule bwana alikuwa anacheka na watu. Hakucheka na watu. Umempa moyo ambao watu wale hawakuuona hata siku moja."

"Nitaufuta mzaha huo."

"Utaufuta huo. Mingine?"

"Hakuna mingine."

"Najuaje?"

Nikaliweka begi chini. Skrini hakuweza kuiona, na mdomo wangu ndio uliokuwa macho yake, na mdomo huo ulishamwambia kwamba aya nzima ni salamu.

Tukaandika Dar siku hiyo hiyo. Maneno yalikuwa yangu, alinilazimisha: kwamba mbuzi hakuwepo, kwamba nilimtunga mimi mchapaji, na kwamba kazi yote inarudiwa kukaguliwa mstari kwa mstari. Mhariri alijibu kwa upole unaouma. Alisikitika, akauliza kama mbuzi anaweza kubaki na maelezo madogo chini ya ukurasa, na akasema tukipitisha Mei, basi kitabu kitangoja mwaka ujao. Safari hii nilisoma kila neno, mpaka jina la mtaa wa ofisi yao.

"Mwambie mbuzi hapana," Mwalimu akasema. "Mwaka ujao ndiyo."

"Mwalimu, mwaka ujao macho..."

"Najua macho yangu yako wapi."

Tukaanza tena daftari la kwanza. Sasa utaratibu ulikuwa mwingine. Nilichapisha kurasa zote kwenye karatasi. Kwa mkono wa kulia nilishika rula chini ya mstari wa Kigiriki, naisogeza kila akimaliza, ili jicho lake lisipotee. Kwa mkono wa kushoto nilifuata ukurasa wangu wa Kiswahili. Yeye anasema upya, mimi nalinganisha. Kwa mara ya kwanza maishani nilikaa, kwa sababu ukisimama rula inatetemeka. Miguu yangu ilifanya fujo chini ya meza peke yake. Sikuona mbuzi mwingine, kwa kuwa hakuwepo, na nilianza kukasirika kwamba tunapoteza Mei yote kuthibitisha kwamba nimesema kweli.

Kigiriki sikijui. Lakini ukisogeza rula juu ya kurasa mia tatu, unazoea mwendo wa mtu. Mstari mmoja wa baba yake ulitoa karibu mstari mmoja na nusu wangu. Jumamosi moja, daftari la tano, Mwalimu alisema kuhusu lori kupeleka mkonge stesheni, kisha akasema mvua, na akangoja nisogeze rula. Kati ya lori na mvua kulikuwa na mistari minne.

"Bado hii," nikasema.

"Hiyo haina kitu. Sogeza."

"Ina mistari minne."

"Ni mambo ya nyumbani."

Nikatazama karatasi yangu. Lori, mvua. Hata mara ya kwanza, mwezi wa pili, alinisemea lori na mvua, na mimi nilichapa nikiwa napiga mwayo. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa mtu wa mwisho duniani wa kumuuliza mwingine kuhusu kilichomo na kisichomo. Lakini rula ilikuwa mkononi mwangu, na kusema kweli nilikuwa na hasira.

"Ulisema mingine najuaje," nikasema. "Na mimi najuaje?"

Alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa kama nyumba iliyotolewa mapazia. Nilidhani nimekosa adabu kiasi cha kupigiwa simu mama. Akanieleza, akitazama dirishani.

Mke wa mpishi wao alikuwa na uchungu wa kujifungua, na mtoto amekaa vibaya. Mpishi alikwenda kuomba lori limpeleke hospitali. Lori lilikuwa limeshapakiwa mkonge, na treni haingoji. Baba yake akasema lipeleke mkonge kwanza, likirudi limchukue mwanamke. Hawakungoja, wakambeba kwa kitanda cha kamba. Akafa njiani, na mtoto naye. Yote hayo yalikuwa kwenye mistari minne, na jina lake kamili, na jina la mumewe.

"Mpishi alirudi kazini baada ya wiki," Mwalimu akasema. "Akapika miaka mingine tisa. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nilikuwa nakaa jikoni kwake kutwa. Hiki Kiswahili ninachosema nacho ni chake."

Sikuwa na mzaha. Nilitafuta, huwa kuna mmoja, na haukuwepo.

"Dada yangu aliyasoma madaftari kabla yangu," akasema. "Aliniomba kitu kimoja tu."

Akainuka, akapapasa simu, akaenda nayo ukumbini. Dada yake anaishi Athens. Waliongea Kigiriki, kwanza polepole, halafu wote wawili kwa pamoja. Nilimsikia mwanamke mzee kwenye simu kupitia mlango uliofungwa. Sikuelewa hata neno moja, lakini ugomvi wa ndugu hauhitaji mkalimani. Sauti ya dada ikapanda, ikavunjika, ikawa kilio. Yake ikabaki chini, ikirudia maneno machache yale yale. Mimi nilikaa nimeshikilia rula pale pale chini ya mstari wa kwanza, nikaogopa kwamba nikiondoa mkono hatapaona tena.

Aliporudi alikuwa na madoa mekundu shingoni. Akaketi, akavaa miwani, akaivuta lenzi. Jicho likamkataa, akafuta machozi ya mwanga au ya kitu kingine, akajaribu tena. Kisha akasema, "Andika," na akanisemea mistari yote minne bila kusita, jina la mke, jina la mume, lori, kitanda cha kamba. Nilichapa polepole kuliko nilivyowahi kuchapa.

"Soma."

Nikasoma. Nilipofika mwisho akainua kidole.

"Umeandika amefariki."

"Ndiyo."

"Mimi nilisema amekufa."

"Nilidhani ni adabu zaidi."

"Ni adabu zaidi. Lakini baba hakuandika kwa adabu. Aliandika amekufa, kama alivyoandika kwa ng'ombe."

Nikafuta. Nikaandika amekufa, nikamsomea tena, naye akaniambia nisogeze rula.